Majina ya Jinja na Walukuba na Maana Zake

Askari anapohamishiwa Jinja pamoja na jamaa yake, maneno ya kwanza ya wenyeji ambayo hana budi kuyajua ni majina ya mahali: Walukuba, Masese, Mpumudde, Kimaka, Bugembe, Mafubira. Yeye huyasikia kazini, na mkewe huyasikia sokoni kabla hata hajaijua bei ya samaki. Mtoto naye hutumwa na mwalimu wake aandike maana ya jina la mtaa anaokaa, akarudi jioni na swali ambalo watu wazima hutazamana kabla ya kulijibu. Aghalabu jibu linalotolewa ni lile linalofika upesi mdomoni, na jibu la upesi katika mambo ya majina mara nyingi huwa kosa.

Chukua Walukuba lenyewe. Mtu aliyezoea Kiswahili anajua kwamba wa- mwanzoni mwa neno ni alama ya watu wengi: Waganda, Wasoga, Wateso, Wagisu. Kwa hiyo mgeni hudhani kwamba Walukuba walikuwa kabila au ukoo uliokaa pale zamani, na huenda akauliza watu hao wamekwenda wapi. Hawakwenda popote, kwa kuwa hawakuwako. Wa- ya Walukuba si ya watu bali ni ya mahali. Ni ndugu ya pa- ya Kiswahili. Yafaa ieleweke kwamba pale ambapo Kiswahili kina sauti ya p, Kiganda mara nyingi kina sauti ya w. Mswahili husema "hapa", Mganda husema wano. Mswahili husema "pale", Mganda husema wali. "Kupa" kwa Kiganda ni okuwa. Ndiyo sababu Kampala kuna mtaa uitwao Wandegeya, yaani mahali pa endegeya, wale ndege wadogo wasukao viota vyao na kuvitundika mitini kwa makelele mengi. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba Wandegeya ni kabila, ila labda mgeni aliyeshuka garini asubuhi ile ile.

Walukuba, basi, kwa matamshi ya Kiswahili ingekuwa "Palukuba". Na hiyo -kuba je? Mwenye Kiganda masikioni husikia humo enkuba, yaani mvua. Husikia pia okukuba, maana yake kupiga, neno litumikalo hata kwa radi: laddu yamukuba, radi ilimpiga. Mvua na pigo ni maana mbili zisizogombana hata kidogo katika nchi ile. Ukanda wa kaskazini wa ziwa pamoja na nchi ya mashariki hadi mpaka wa Kenya ni miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi kupita kiasi duniani. Mji wa Tororo ulipata sifa katika vitabu vya maajabu ya dunia kwa sababu kati ya mwaka 1967 na 1976 ulihesabiwa kuwa na ngurumo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Mama wa nyumbani aliyekwisha kuanika nguo Walukuba mchana wa mwezi wa nne hahitaji kuonyeshwa hesabu hiyo.

Hapa pana jambo la kupendeza ambalo wakaaji wengi wa mtaa huo hawajalitazama, ingawa wamelibeba katika majina yao. Miongoni mwao wamo Wagisu na Wasamia, na kwao jina Wafula ni la kawaida sana. Hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, na dada yake huitwa Nafula. Ile -fula ni mvua, ndugu ya "mvua" yetu. Lakini wa- yake si ya watu wengi wala si ya mahali. Ni ya mtu mmoja, mwenye jina. Kwa hiyo silabi moja ile ile, ikitamkwa kwa namna moja katika ua mmoja, ina kazi tatu: Wasoga ni watu, Walukuba ni mahali, Wafula ni mtu. Bwana Wafula akaaye Walukuba amezungukwa na mvua pande zote, jina lake na la mtaa wake, na kila mvua imetoka katika lugha yake. Mwalimu atakayewaeleza watoto jambo hilo dogo atakuwa amewafundisha sarufi ya Kibantu kuliko masomo mengi ya ubaoni.

Mtaa wenyewe, kwa jinsi ulivyo leo, si wa kale. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kupangisha hapo, mashariki ya mji, kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, wakati Jinja ilipokuwa ikigeuzwa kuwa mji wa viwanda. Bwawa la umeme lilikuwa likijengwa, kiwanda cha nguo cha Nyanza kikafuata, na mnamo mwaka 1956 tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe likaanza kazi. Watu wakaja kutoka Bugisu, Teso, Acholi, West Nile na Nyanza ya Kenya. Wataalamu wawili, Cyril na Rhona Sofer, walikuja kuuchunguza mji huo na kuandika kitabu kilichotolewa mwaka 1955, na Walukuba haikukosekana ndani yake. Kiswahili kikawa lugha ya ngazini, bombani na sokoni, kama kilivyokuwa tayari lugha ya kambini. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya watoto walizaliwa katika mtaa wenye jina ambalo wazazi wao hawakulielewa, na ambao wenye kulielewa walikuwa wamekwisha kusogezwa pembeni.

JIWE LA KUVUKIA

Jina la mji ni rahisi zaidi, lakini nalo lina mtego wake. Mtu wa pwani akisikia Jinja, sikio lake hukimbilia "chinja", na wako waliokwisha kutunga hadithi nzima za machinjo juu ya kosa hilo la sikio. Jinja halina damu ndani yake. Kwa Kiganda ejjinja ni jiwe, na mengi ni amayinja. Wasoga wana pia neno eibaale kwa jiwe. Majina ya namna hii yako mengi, kwa kuwa mawe yako mengi. Hata katika wilaya ya Mukono kuna Jinja nyingine, Jinja Misindye, isiyohusiana na mto. Mbali zaidi, kule kusini, Wazimbabwe waliiita nchi yao yote kwa nyumba za mawe, na mabwe ya kwao ni mawe yetu.

Kwa nini jiwe? Kwa sababu mto Nile, ambao Wasoga na Waganda huuita Kiyira, ulitoka ziwani kwa kupita juu ya kizingiti cha jabali. Mahali pengine mto ulikuwa ukuta kati ya nchi na nchi. Lakini hapo, juu kidogo ya maporomoko, kulikuwa na mawe mapana kila upande ambapo mtumbwi uliweza kusukumwa majini na kupokewa ng'ambo. Palikuwa kivuko. Bidhaa zilipita hapo, na majeshi pia, maana katika karne ya 19 majeshi ya Kabaka yalivuka mara nyingi kwenda Busoga kudai ushuru na ng'ombe. Ndiyo kusema, kabla ya kuwa jina la mji, Jinja lilikuwa jina la mlango. Askari yeyote ajuaye ramani ataelewa thamani yake bila kuelezwa.

Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akitoka katika jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza. Alikisia kwamba maporomoko yalikuwa na kimo cha futi 12 na upana wa futi 400 hadi 500. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza alichokiona: samaki wakiruka juu ya maji kwa maelfu, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na ndoana zao, viboko na mamba wamelala, kivuko kikifanya kazi juu ya maporomoko, na ng'ombe wakiteremshwa kunywa. Akaandika pia kwamba Waganda waliyaita maporomoko hayo "mawe". Kwa maneno mengine, jina aliambiwa. Alilisikia, akalifasiri sawasawa, akaliandika kitabuni, kisha akaliweka kando na kuyaita Ripon.

Pamoja na Speke alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni akapelekwa Bara Hindi, na ambaye alikuwa mkuu wa wapagazi na mkalimani wake. Yeye alisema na Speke kwa Kihindustani, na kwa wengine kwa Kiswahili. Siku chache kabla ya kufika kwenye mawe, walipouona mto kwa mara ya kwanza huko Urondogani, Speke aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na waoge katika mto huo mtakatifu, uliomlea Musa. Bombay alimjibu kwamba wao Waislamu hawayatazami mambo hayo kwa ndoto kama yeye. Wametosheka na mambo ya kawaida ya maisha. Jibu hilo laonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa kimefika ukingoni mwa Kiyira siku ile ile ilipofika tarumbeta ya ugunduzi, na kwamba hakikupumbazwa nayo.

MAJINA YA WATU WASIOFIKA

Bwana Ripon aliyeheshimiwa kwa jina hilo alikuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London wakati safari ilipopangwa. Baadaye akawa mtawala wa Bara Hindi kwa niaba ya Malkia, toka 1880 hadi 1884. Kuhusu mawe ya Busoga alijua yale aliyosomewa tu.

Ajabu kubwa zaidi iko mbele ya Walukuba na Masese. Mkono wa ziwa unaoelekea kwenye mto, mahali wanapovua watu wa Masese usiku, Speke aliuita kwa jina la Napoleon, kwa kuwashukuru Wafaransa, ambao chama chao cha jiografia kilimpa nishani ya dhahabu na ambao mfalme wao wakati huo alikuwa Napoleon wa Tatu. Hata leo ramani nyingi huandika Ghuba ya Napoleon. Mvuvi akirudi alfajiri na sangara wake hasemi kwamba ametoka kwa Napoleon. Husema ametoka ziwani. Na ziwa kwa Mganda na Msoga ni Nalubaale, kwa Mjaluo ni Nam Lolwe, na kwa Mswahili ni Nyanza. Kwa ramani ni Victoria.

Ghuba hiyo ina habari yake ya kivita ambayo yastahili kujulikana kambini kuliko jina la mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1875 Muteesa alileta jeshi kubwa hapo kupigana na Wavuma, watu wa visiwani, ambao kwa mitumbwi yao myepesi walikishikilia kisiwa cha Ingira karibu na pwani ya Busoga. Wingi wa watu wa Kabaka haukufaa kitu majini. Waganda waliojaribu kuvuka walirudishwa mara kwa mara kwa hasara. H. M. Stanley, Mmarekani kwa kazi ingawa mzaliwa wa Wales, alikuwapo, akashauri mitumbwi mitatu mikubwa ifungwe pamoja na kujengewa boma la fito juu yake, ikawa ngome inayoelea ambayo wapiganaji wake hawakuonekana kutoka nje. Wavuma walipoona boma linatembea juu ya maji bila mtu wa kulipiga kasia, wakakubali amani na kutoa ushuru. Hakuna jina la mahali lililobaki ghubani kwa kumbukumbu ya ngome hiyo. Napoleon, ambaye hakupiga hapo hata kasia moja, ndiye aliyebaki.

Jina la tatu la kigeni ni Owen. Maporomoko yaliyokuwa mbele kidogo, kuelekea kaskazini, yaliitwa kwa jina la Roderick Owen, ofisa wa Kiingereza aliyetumikia Uganda mnamo 1893 na 1894, akafa kwa kipindupindu mwaka 1896 katika vita vya Dongola huko Sudan. Kwao Uingereza alijulikana zaidi kwa kupanda farasi. Mwaka 1892 alishinda mashindano yao makuu yaitwayo Grand National. Hivyo basi, kwa muda mrefu umeme wa Uganda karibu wote ulitoka katika mahali palipoitwa kwa jina la mshindi wa mbio za farasi.

Msomaji asidhani kwamba kubandika majina ni tabia ya wageni peke yao. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Idi Amin iliyaita maziwa mawili ya magharibi kwa jina la Amin mwenyewe na la Mobutu, na maporomoko ya Murchison kwa jina la Kabalega. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1979, majina ya zamani yalirudi kwenye ramani, na Kabalega, ambaye alistahili, akaondoka pamoja na wawili wengine. Kambi kubwa ya jeshi ya Jinja nayo ilipewa jina la Gaddafi, kiongozi wa Libya, na jina hilo halikuondoka.

KILIMA CHA KUPUMZIKA

Kabalega hakupotea Jinja, lakini. Mukama huyo wa Bunyoro alipigana na Waingereza kwa miaka mingi, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Alikaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi, akiwa mzee, akiwa amepoteza mkono mmoja kutokana na jeraha la siku aliyokamatwa. Alifika Jinja. Mbele yake kulikuwa na mto tu na safari ya siku kadhaa kufika kwao. Hakuvuka. Alifariki tarehe 6 Aprili 1923 katika kilima cha Mpumudde, na mwili wake ukachukuliwa kuzikwa Mparo, karibu na Hoima.

Mpumudde ni neno zima la kitenzi: nimepumzika. Husimuliwa mjini kwamba neno hilo ndilo la mwisho la mfalme mwenyewe, na kwamba kilima kilipata jina siku ile. Mswahili halihitaji kufasiriwa. Analisikia "pumua" na "pumzika" lake waziwazi. Na hapa ile kanuni ya p na w yajidhihirisha yenyewe, kwa kuwa kwa Kiganda kupumzika ni okuwummula, kwa w. Lakini sauti ya "mimi" inapoitangulia w hiyo, p ya zamani hurudi, na mtu husema mpummudde. Sauti iliyojificha katika Walukuba yaonekana tena katika Mpumudde, kilima na mtaa vilivyomo katika mji mmoja. Ni mara chache ardhi hutoa somo lililo nadhifu hivyo.

NKOKONJERU MBILI

Kwa polisi mambo haya si mapambo. Mtu akija kituoni kutoa taarifa na kusema kwamba ndugu yake amepatikana na msiba Nkokonjeru, ofisa aandikaye hana budi kuuliza: Nkokonjeru ipi? Kuna mji mdogo wa Nkokonjeru katika wilaya ya Buikwe, ng'ambo ya mto ukitoka Jinja. Na kuna mlima unaosimama kama ukuta juu ya Mbale, ambao vitabu na ramani kadhaa huuita pia Nkokonjeru. Kati ya hizo mbili kuna safari ya nusu siku. Neno ni la Kiganda: nkoko njeru, kuku mweupe, na hiyo njeru ndiyo ile iliyoko katika jina la mji wa Njeru unaotazamana na Jinja.

Jina la Kiganda lilifikaje juu ya Wagisu? Lilifika pamoja na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia nchi za mashariki na wafuasi wake wenye bunduki, akazitawala kwa niaba ya Waingereza, akajenga Mbale chini ya mlima huo na kupanda miti kando ya barabara zake. Watu wake waliita walichokiona kwa lugha yao. Wagisu wenyewe waliendelea kuuita Wanale. Leo Mgisu akikuelekeza kwa jina la Wanale, na karani wa zamani akikuandikia Nkokonjeru, wote wawili wanaonyesha jabali lile lile. Aliyehamishiwa kambi ya Bugema afanya vyema kuyajua yote mawili, na la Wanale ndilo litakalompatia tabasamu njiani, hasa katika mwezi wa nane wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, unapofunguliwa katika uwanja wa Mutoto na nchi nzima kujaa ngoma.

Hata mlima mkubwa wenyewe una majina mawili. Wagisu husema Masaba, na ndilo jina la baba yao wa asili. Ramani husema Elgon, jina lililotokana na watu waitwao Kony wakaao pande za mlima huo.

MAWE YALIZAMA

Yarudiwe sasa mawe ya Jinja, kwa kuwa yalipatwa na jambo zito. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls. Maji yakapanda nyuma ya ukuta hadi kukifikia kizingiti cha jabali, na maporomoko aliyoyaona Speke yakafunikwa. Miamba waliyosimama wavuvi, na mawe mapana yaliyopokea mitumbwi, sasa yako chini ya maji yaliyotulia. Mgeni anayekuja leo kuona chanzo cha Nile huchukuliwa kwa mashua na kuonyeshwa uso wa maji. Watoto wa Jinja wanaishi katika mji uitwao Jiwe, lakini jiwe lililoupa mji jina hawajaliona, wala wazazi wengi hawajaliona. Shahidi wa pekee aliyebaki juu ya maji ni jina lenyewe.

Hasara hiyo haikuwa ya kwanza. Toka mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliwaua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika miongo miwili katika nchi za kando ya ziwa, na Busoga ya kusini iliumia kuliko nyingi. Kisha Serikali ikawahamisha kwa nguvu waliosalia katika pwani ili kuwakimbia mbung'o. Kijiji kikihamwa, majina ya vijito, ya miti mikubwa, ya vichuguu na ya vivuko hayahamishwi. Hukaa na wale waliokuwa wakiyatumia, na wakifa huenda nao. Pori likaota toka Bukaleba kuelekea visiwani. Waliorudi miaka mingi baadaye walikuta ardhi kimya, wakaanza kuita upya.

Wala haikuwa ya mwisho. Maporomoko ya Bujagali, kilomita chache kaskazini mwa Jinja, yalizama kwa ajili ya bwawa la umeme la megawati 250, lililofunguliwa mwezi wa Oktoba 2012. Wasoga huandika Budhagaali, kwa sauti ya dh ambayo Kiganda na Kiingereza huigeuza kuwa j, na ni jina la mzimu ukaao katika maji hayo. Kabla ya ujenzi zilifanywa ibada za kuuhamisha mzimu, na hapakuwa na maelewano miongoni mwa wenyeji kama kweli ulikubali kuhama. Jina ndilo lililohama kwa urahisi: lipo juu ya mtambo, limeandikwa kwa j.

Bwawa la Owen nalo lilibadilishwa jina. Mtambo mpya ulipofunguliwa kando yake mnamo mwaka 2000 uliitwa Kiira, kwa jina la mto, na ule wa zamani ukaitwa Nalubaale, kwa jina la ziwa. Ni haki kusema kwamba uamuzi huo ulikuwa mwema. Ripon yuko chini ya maji, Owen amebaki katika vitabu na vinywani mwa wazee wa shirika la umeme. Tarehe 17 Oktoba 2018 daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525 likafunguliwa, ili magari yavuke pale pale nchi zilipovukana kwa mitumbwi. Na tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zikapandishwa daraja kuwa majiji. Katika kupanda huko mipaka ya mitaa ilichorwa upya, vijiji vikaunganishwa, na majina mengine madogo yakaondoka katika orodha za Serikali bila kelele.

Kwa jamaa iliyohamia Walukuba, Kimaka au Bugema, kazi inayofaa si kubwa, na mtoto aliyetumwa na mwalimu anaweza kuifanya kwa daftari moja. Amtafute mzee aliyezaliwa mahali hapo, si yule aliyehamia, na amsalimu kama mjukuu amsalimuvyo babu yake, kwa kupiga goti kama ilivyo desturi ya Busoga. Asianze kwa kuuliza maana ya jina, kwa sababu mzee mkarimu atamtungia. Aulize kwanza jina linatamkwaje, aliandike kwa sauti aliyoisikia na si kwa ilivyo kwenye kibao. Aulize palikuwa na nini hapo kabla ya nyumba: kisima, mti, mwamba, soko, shamba la nani. Aulize ng'ambo ya pili wanapaitaje. Kisha aandike jina la mzee na tarehe, na aulize lile ambalo huulizwa mara chache: ni majina gani ya karibu ambayo watu wameacha kuyasema.